Barua Kichwani mwa Mtumwa

Miezi michache iliyopita nililetewa kurasa nne nizitie katika Kiswahili. Kazi yenyewe haikuwa ngumu, na malipo yake yalikuwa mazuri kupita yale aliyoyazoea mfasiri wa visiwani, ambaye aghalabu hulipwa shukurani. Kurasa zile zilikitangaza kitu kinachobandikwa juu ya ngozi ya mtu, chembamba kama ganda la kitunguu, kikapima mapigo ya moyo wake na jasho lake, kisha kikazipeleka habari hizo kwenye simu. Wenyewe wanakiita tatuu janja, kwa namna ile ile tusemavyo simu janja. Mpaka hapo sikuwa na ugomvi na mtu. Ugomvi ulianza kwenye sentensi ya mwisho, iliyodai kwamba teknolojia hii si ngeni kwa Mwafrika, kwani wazee wake waliivaa miilini mwao tangu kale. Pembeni mwa sentensi hiyo aliyenituma alikuwa ameniandikia: "Hapa tumia neno chale. Watu watajiona wamo."

Nilizifasiri kurasa zote isipokuwa sentensi ile. Tulibishana kwa adabu, kisha tukabishana bila ya adabu, na mwisho nikarudisha malipo ya awali. Tangu siku hiyo jamaa zangu wameniuliza iwapo nimeingiwa na wazimu, nikaacha riziki kwa ajili ya neno moja. Makala haya ndiyo jawabu yangu, na nawaandikia nyinyi, wasomaji wa kurasa hizi, kwa kuwa nyinyi mnajua kwamba neno moja halijawahi kuwa jambo dogo.

Kwanza nitende haki kwa kitu chenyewe. Wazo la kuweka umeme juu ya ngozi si porojo. Mwaka 2011 kundi la watafiti lililoongozwa na John Rogers, wakati huo akiwa katika Chuo Kikuu cha Illinois nchini Marekani, lilieleza katika jarida la Science saketi laini iliyoshika juu ya ngozi, ikajikunja na kujinyoosha pamoja nayo, ikasoma ishara za moyo, za misuli na za ubongo. Mwaka 2016 watafiti wa MIT Media Lab na Microsoft Research walionyesha DuoSkin, michoro ya jani la dhahabu ambayo mtu huibandika mkononi akaigusa kuamrisha simu yake, na kwa macho ya mpita njia ni pambo na hapana zaidi. Mwaka uliofuata, MIT hiyo hiyo pamoja na watu wa Harvard Medical School ilitoa Dermal Abyss, wino unaotiwa ndani ya ngozi ukabadilika rangi kwa kufuata sukari au uchachu wa maji yaliyomo mwilini. Wino huo ulijaribiwa juu ya vipande vya ngozi ya nguruwe katika maabara, na haikuwa bidhaa ya kuuzwa.

Lakini jina hilo hilo la tatuu lilikwisha tumiwa kwa kazi nyingine. Mwaka 2013 kampuni ya Motorola Mobility, iliyokuwa mali ya Google wakati huo, ilionyesha tatuu ya kubandika itakayoshika nafasi ya neno la siri. Mwaka huo huo likachapishwa nchini Marekani ombi lake la hataza juu ya tatuu ya kooni yenye kinasa sauti, na ndani ya ombi hilo umetajwa uwezekano wa kuipima ngozi ya msemaji ili kujua kama ana wasiwasi au anasema uongo. Tuviweke vitu hivi viwili mbele yetu tuvitazame. Wino wa rangi unamsomea mgonjwa hali yake, kwa jicho lake mwenyewe. Tatuu ya kooni inamsoma msemaji kwa faida ya mwingine. Kuviita vyote kwa jina moja ni sawa na kumwita kwa jina moja daktari na mpelelezi, kwa hoja kwamba wote wawili huuliza maswali.

Sasa tuijie nasaba. Wanaotaka kuipa tatuu janja ukoo wa kale huanza kwa Ötzi, yule mtu wa barafu aliyegunduliwa mwaka 1991 katika milima ya Alps, mpakani mwa Italia na Austria, naye aliishi zaidi ya miaka 5,000 iliyopita. Mwilini mwake mna alama 61, hesabu iliyokamilishwa mwaka 2015, nazo ni mistari mifupi na misalaba michache, mingi ikiwa mgongoni chini, miguuni na kwenye viungo. Kwa kuwa viungo vyake vilikuwa vimechakaa, wako wataalamu waliopendekeza kwamba mistari ile ilikuwa tiba ya maumivu. Ni pendekezo lenye akili, lakini mwaka huo wa 2015 zilionekana pia alama za kifuani ambazo hazikukaa vyema na maelezo ya viungo. Hata namna zilivyotiwa imebishaniwa. Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba ngozi ilichanjwa ikapakwa masizi, mpaka utafiti uliochapishwa mwaka 2024 ukaelekeza kwenye kudunga kwa ncha. Basi huyo babu anayetafutiwa wajukuu hata chale zenyewe huenda hakuwa nazo.

Tazameni hatua zinavyorukwa. Mtaalamu anasema: labda ilikuwa tiba. Mwandishi wa matangazo anasema: ilikuwa tiba. Wa tatu anasema: ilikuwa teknolojia ya afya iliyovaliwa mwilini. Wa nne anakuja kwangu na kurasa nne, anataka Kiswahili chake. Baina ya labda na hakika pana bahari, na watu hawa wameivuka bila ya chombo.

Misri nayo inatajwa sana. Katika Jumba la Makumbusho la Uingereza, London, umo mwili wa mwanamume kutoka Gebelein, mwenye umri wa zaidi ya miaka 5,000. Mkononi mwake palikuwa na weusi ambao kwa zaidi ya miaka 100 haukushughulisha watu. Mwaka 2018 ikatangazwa kwamba, kwa kutumia mwanga usioonekana kwa jicho, weusi ule umebainika kuwa fahali na kondoo wa mwitu. Mtu yule alimvaa fahali kwenye mkono wa juu ili aonekane. Hapana cha siri pale, wala cha kupimwa. Alitaka jirani zake wamwone, na wao walijua kusoma fahali ana maana gani.

Kisha yuko Amunet, kuhani wa kike wa Hathor, ambaye mwili wake uligunduliwa Deir el-Bahari mwaka 1891 ukiwa na nukta na mistari tumboni na kwingineko. Cheo chake kilikuwa kimeandikwa. Pamoja na hayo, wasomi wa zama zile walipoona ngozi ya mwanamke ina michoro walikimbilia kumdhania mchezaji ngoma au suria. Nakitaja kisa hiki kwa sababu kinatufundisha jambo: ngozi ya mtu ikisomwa na mgeni asiyeijua lugha yake, msomaji huyo husoma mambo yake mwenyewe.

Nami pia nilikuwa msomaji wa namna hiyo. Utotoni mwangu mtaani kwetu aliishi mzee wa Kimakonde, mmoja wa waliovuka bahari kuja kufanya kazi katika mashamba ya visiwani. Uso wake ulikuwa umejaa nembo, mistari juu ya mistari, na sisi watoto tulimcheka tukamkimbia. Siku moja alitushika wawili, mimi na mwenzangu, akatukalisha barazani. Tulitaraji bakora. Akatutazama, akasema: "Wajukuu zangu, hizi zinasomwa kwetu. Huku hamjui kusoma." Kisha akatupa embe tukaondoka. Miaka zaidi ya arubaini nimefanya kazi ya maneno, na sijapata maelezo bora ya nembo kuliko hayo.

Simpambi. Mtoto aliyechanjwa uso hakuulizwa, na maumivu yalikuwa maumivu. Sitetei kwamba turejee huko. Ninachosema ni kwamba nembo ilikuwa maandishi yenye jamii ya wasomaji, na mwenye kuivaa alikuwa mmoja wa wasomaji hao. Alijua kilichoandikwa juu yake. Aliweza kujivunia, aliweza kukionea haya, aliweza hata kukikana, kwa sababu alikijua.

Neno lenyewe limesafiri kwa namna ya kustaajabisha. Katika kamusi za zamani nembo ni alama za kabila zilizochanjwa mwilini. Leo ukimuuliza mwanafunzi atakutajia Nembo ya Taifa, nembo ya benki, nembo ya timu ya mpira. Neno limetoka usoni mwa mtu likahamia kwenye karatasi ya ofisi. Silaumu, maneno ndivyo yaendavyo. Lakini sasa karatasi inataka kurejea ngozini, na inarejea ikiwa na nembo ya mwenye karatasi. Katika picha zilizoambatana na kurasa zile nne, jina la kampuni lilichapwa katikati ya pambo, na pambo lenyewe limeigwa kutoka maua ya hina.

Hina! Hapa ndipo nilipokasirika hasa. Hina ninaijua. Nimekua nikimwona shangazi akitwanga majani ya mhina na kuyachekecha, nyumba nzima ikinukia, na maharusi akikaa usiku mzima miguu imenyooshwa, asiweze hata kujikuna pua, huku wanawake wakimwimbia na kumtania. Rangi ya hina hushika tabaka la juu la ngozi, na ngozi inapojibadilisha, kwa muda wa wiki mbili tatu, nayo huondoka. Mtaa mzima husoma kwamba huyu ameolewa, hufurahi naye, kisha maandishi hufutika na maisha huendelea. Hina ina adabu ya kuondoka.

Tatuu ya kubandika nayo huondoka. Baadhi yake hazikai hata wiki moja. Lakini ilichokisoma, kikishatumwa, hakiondoki nayo. Mapigo ya moyo wa usiku ule, jasho la hofu, sukari ya asubuhi ile, vyote vinaweza kubaki katika kompyuta za watu ambao hatutawaona, miaka mingi baada ya kibandiko kutupwa jaani. Kwenye hina pambo hukaa na habari hupita. Huku pambo hupita na habari hukaa. Atakayeniambia kwamba hiki ni kizazi cha kile aniletee mashahidi.

Basi nasaba ya kweli iko wapi? Iko, tena imeandikwa. Herodotus, mwanahistoria wa Kiyunani, anasimulia habari za Histiaeus wa Miletus, aliyekuwa amezuiliwa Susa katika baraza la mfalme Dario wa Uajemi. Histiaeus alitaka kumpelekea Aristagoras ujumbe wa kuasi, na njia zote zilikuwa na walinzi. Akamchukua mtumwa wake aliyemwamini kuliko wote, akamnyoa kichwa, akamchoma herufi juu ya utosi, akangoja mpaka nywele zikaota. Kisha akamtuma Miletus na maneno haya tu: mwambie Aristagoras akunyoe, aangalie kichwa chako. Maasi ya Wayunani wa Ionia yakazuka mwaka 499 kabla ya Masihi.

Wanahistoria hukisimulia kisa hiki kama mfano wa werevu. Mimi humfikiria yule mtumwa. Alitembea nchi nzima na barua kichwani mwake asiyoweza kuisoma. Hakujua kama inaomba fedha, inatangaza vita au inaamuru achinjwe atakapofika. Mwili wake ulikuwa karatasi, na mwandishi na msomaji wote walikuwa watu wengine. Jina lake hata Herodotus hakulitia. Kama tatuu janja ya kampuni inatafuta babu wa kale, namwonyesha huyu. Hapa pana kila sharti: ngozi, ujumbe, siri, msomaji wa mbali, na mchukuzi asiyejua alichokichukua.

Atasimama mtu aseme kwamba natia chumvi. Anasimama kila siku nyumbani kwangu. Dada yangu mkubwa ana maradhi ya sukari, na kila asubuhi hujidunga kidole, atoe tone la damu alipime. Vidole vyake vimekuwa vigumu kama vya mshona viatu. Nilipomweleza ugomvi wangu na wenye kurasa nne alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: "Mdogo wangu, nikipata cha kunipumzisha na sindano hii, sitauliza babu yake ni nani." Amesema kweli, na sina la kumjibu ila hili: asiulize babu yake, aulize msomaji wake. Wino unaobadilika rangi mkononi mwake, akautazama akajua ale nini, ni rafiki yake. Kibandiko kinachoisoma sukari yake kikampelekea muuza bima au mwajiri kabla yake, huyo ni mgeni aliyeingia chumbani bila ya hodi.

Hata nia njema haituondolei swali hili. Disemba 2019 watafiti wa MIT walichapisha njia ya kuweka kumbukumbu ya chanjo chini ya ngozi. Chembe ndogo mno huingizwa kwa kibandiko cha visindano pamoja na chanjo, hazionekani kwa jicho, na husomwa kwa simu iliyorekebishwa maalumu. Ilijaribiwa kwa panya, kwa fedha za Bill & Melinda Gates Foundation, na makusudio yake ni watoto wa nchi ambazo vyeti vya chanjo hupotea, yaani nchi kama zetu. Waliozusha kwamba chembe hizo zinamfuata mtu aendako walisema uongo. Hazina uwezo wa kutuma habari yoyote. Nami sipingi chanjo. Mimi ni wa kizazi kilichochanjwa ndui, na kovu lake ninalo begani. Mgonjwa wa mwisho aliyeambukizwa ndui kwa njia ya kawaida alipatikana Merka, pwani ya Somalia, mwaka 1977, na mwaka 1980 dunia ikatangaziwa kuwa maradhi yale yamekwisha. Kovu hili nalionea fahari.

Lakini kovu hili mama yangu aliliona. Tena Kiswahili hakikukopa jina lake: watu walitazama akifanyacho daktari, wakaona anachanja, wakasema chanjo. Mama aliyekuwa hajui herufi hata moja alijua kusoma bega la mwanawe. Alama mpya hataiona. Itambidi angoje mwenye simu amwambie kama mtoto wake amechanjwa au hakuchanjwa, na akiambiwa sivyo, hana cha kuonyesha. Hilo si kosa la sayansi, maana hao hao wenye sayansi wametuonyesha wino unaosomeka kwa jicho. Ni uchaguzi, na uchaguzi una mwenyewe.

Na wala tusijidanganye kwamba haya ni mambo ya maabara za mbali. Mwaka 2023 watu walipanga foleni Nairobi ili mradi wa Worldcoin uwapige picha za mboni za macho, nao wapewe sarafu ya kidijitali. Agosti ya mwaka huo serikali ya Kenya iliusimamisha, na Mei 2025 Mahakama Kuu ya nchi hiyo ikaamuru data zile zifutwe. Sheria za kulinda taarifa za mtu tunazo: Kenya ilitunga yake mwaka 2019, Tanzania mwaka 2022. Lakini sheria humsaidia aliyejua kwamba ana la kuuliza. Mwanamke akiambiwa kwamba hiki ni kifaa cha kampuni kinachokusanya habari za mwili wake, atauliza: zinakwenda wapi, nani anazisoma, zitakaa muda gani? Akiambiwa kwamba hizi ni chale, kama za bibi yake, hatauliza kitu. Nani humuuliza bibi yake risiti?

Hiyo ndiyo thamani ya neno nililoambiwa nilitoe. Lingetumika kuzima swali. Sisi wenye kufanya kazi ya lugha hatuna bunduki wala mahakama, tuna maneno tuliyoachiwa, na kila neno limebeba imani ya watu waliolitumia kabla yetu. Imani hiyo si yangu hata niiuze. Na kama sisi hatuvisemei vyetu, wengine watavisemea. Disemba 2024 UNESCO iliitia hina katika orodha ya turathi za binadamu kwa niaba ya nchi 16 za Kiarabu, ndugu zetu wa Oman wakiwamo, na haki yao. Pwani yetu haimo katika orodha ile, ingawa hapana harusi yetu isiyo na hina. Tukinyamaza kwa mashirika ya utamaduni tutasahauliwa. Tukinyamaza kwa wafanyabiashara tutakumbukwa, na hilo la pili lina hatari zaidi.

Nawaomba wafasiri wenzangu, hasa vijana ambao kurasa kama zile zitawafikia kwa wingi kuliko zilivyonifikia mimi: kipeni kitu kipya jina jipya. Kiiteni kibandiko, kiiteni kihisi, kiiteni tatuu janja, maana neno janja limesema kweli kuliko walivyokusudia waliolibuni. Chale, nembo na hina ziacheni zilipo. Na kwa aliyenirejeshea kurasa zake akisema kwamba sentensi moja haimuumizi mtu, namwachia ubeti huu badala ya ile sentensi:

Ngozi yangu ni waraka, ninausoma mwenyewe,
Kalamu ikiandika, maana yake nipewe,
Herufi zisosomeka, kwangu zisikubaliwe,
Sibebi kichwani mwangu, barua nisoijua.